Kinyama cha karibu, saratani ya mbali: kisa cha Ronald Reagan

Ijumaa, tarehe 12 Julai 1985, Rais Ronald Reagan wa Marekani aliingia hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda, jimbo la Maryland, kwa shughuli iliyotangazwa kuwa ndogo. Kulikuwa na kinyama kilichoota sehemu ya chini ya utumbo wake mpana, na madaktari walitaka kukitoa. Wakakitoa. Mpira wenye kamera ukaendelea mbele hadi mwanzo kabisa wa utumbo mpana, upande wa kulia wa tumbo, jirani na kidole tumbo. Huko, ambako vipimo vya mwaka mzima uliotangulia havikuwa vimefika, palikuwa na uvimbe mwingine wa takriban sentimita 5.

Mgonjwa alikuwa na umri wa miaka 74. Angeweza kurudi nyumbani na kupangiwa siku nyingine ya upasuaji, lakini alikuwa ameshakunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, na hakutaka kuinywa mara ya pili. Aliyewahi kuinywa atamwelewa. Kwa hiyo kesho yake, Jumamosi, akapasuliwa. Kabla ya kupewa dawa ya usingizi alisaini barua ya kumkabidhi madaraka Makamu wake, George H. W. Bush, ambaye aliyashika kwa karibu saa 8. Upasuaji wenyewe ulichukua muda usiofika saa 3, na takriban sentimita 60 za utumbo zikaondolewa pamoja na uvimbe. Jumatatu ya tarehe 15, Dkt. Steven Rosenberg wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani aliwatangazia waandishi wa habari kwamba Rais ana saratani. Ilikuwa imeshaingia kwenye msuli wa ukuta wa utumbo, ila haikuonekana kwenye tezi za limfu wala kwenye viungo vingine.

Reagan alimaliza muhula wake wa pili na akaishi hadi tarehe 5 Juni 2004. Alifariki akiwa na miaka 93, kwa nimonia baada ya miaka mingi ya ugonjwa wa Alzheimer. Saratani ya utumbo haikurudi. Ukiishia hapo, kisa hiki ni ushindi mtupu wa kupima mapema, na mara nyingi ndivyo kinavyosimuliwa.

Mimi nakisoma tofauti kidogo. Uvimbe ulipatikana wakati madaktari wanafuata kitu kingine, miezi 14 baada ya ishara ya kwanza, kwa mtu aliyekuwa na daktari ndani ya nyumba anamoishi. Tunapozungumzia kwa nini watu hawapimwi saratani ya utumbo mpana, sababu zinazotajwa ni zilezile: hospitali iko mbali, gharama, aibu, kutojua. Hapa hakuna hata moja. Ndiyo maana kisa kinafaa kuchambuliwa. Kinaonyesha mahali ambapo uchunguzi hulegea hata pale ambapo kila kitu kipo.

Ishara mbili

Turudi Mei 1984. Katika uchunguzi wa kawaida wa afya, madaktari walichungulia sehemu ya chini ya utumbo wa Rais na kukuta kinyama kidogo. Maabara ilisema si saratani. Habari ikatangazwa kama habari njema, na kwa kipimo kile ilikuwa njema kweli. Sehemu iliyobaki ya utumbo haikuangaliwa.

Machi 1985, uchunguzi mwingine wa kawaida. Safari hii kikaonekana kinyama cha pili, na juu ya hapo kipimo cha choo kikaonyesha dalili ya damu isiyoonekana kwa macho. Vyakula vinavyoweza kuvuruga kipimo vikaondolewa kwenye mlo, choo kikapimwa tena, na majibu ya marudio yakawa hasi. Kinyama kikapangiwa kutolewa baadaye. Mei, Rais alikwenda Ulaya. Nusu ya pili ya Juni dunia ilikuwa inafuatilia abiria wa ndege ya TWA, shirika la Marekani, waliotekwa na kupelekwa Beirut. Sisemi kwamba mambo hayo ndiyo yaliyochelewesha. Nasema tu kwamba kwa mtu mwenye kazi nyingi, lisilouma husubiri, na yeye hakuwa na kinachomuuma. Alionekana mzima: anapanda farasi, anapasua kuni shambani kwake.

Wapo madaktari waliosema hadharani, mwezi uleule wa Julai 1985, kwamba utumbo wote ulipaswa kuangaliwa mapema zaidi. Wapo waliojibu kuwa vinyama vilivyoonekana mwanzoni havikuwa vya aina inayotia wasiwasi, na kwa kanuni za wakati ule hapakuwa na ulazima. Mabishano hayo ya kitaalamu hayanivutii sana kama swali lililo chini yake: kinyama kilichoonekana karibu kinatuambia nini kuhusu sehemu ambayo hatujaiona?

Urefu wa utumbo na urefu wa kifaa

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 1.5. Unaanzia chini kulia, unapanda hadi usawa wa ini, unakata kwenda kushoto, unashuka, kisha unapinda na kuishia kwenye njia ya haja kubwa. Kifaa cha zamani cha kuchungulia kutokea chini, kile kigumu kilichonyooka, kilifika sentimita 25 tu. Kile laini kilichofuata hufika karibu sentimita 60. Kwa maneno mengine, hata kwa kifaa laini, zaidi ya nusu ya utumbo hubaki bila kuonekana. Kumwambia mtu yuko salama baada ya hapo ni kumulika tochi barazani na kutangaza kwamba nyumba nzima haina mwizi.

Kifaa cha kufika hadi mwisho kilikuwepo tayari. Madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukitumia New York mwaka 1969, na mwaka huohuo wakaonyesha kwamba kinyama kinaweza kukatwa kwa waya unaopita ndani ya mpira uleule, bila kupasua tumbo. Kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana wote kwa kifaa hicho, basi, ilikuwa na miaka 15 kufikia 1984. Lakini ilikuwa bado ni kipimo cha mtu mwenye tatizo. Mwongozo ambao Chama cha Saratani cha Marekani kilitoa mwaka 1980 kwa watu wasio na dalili ulitaka kipimo cha choo kila mwaka kuanzia miaka 50, na kuchunguliwa sehemu ya chini kila baada ya miaka michache. Kolonoskopi ilikuja pale kitu kinapoonekana. Kwa Reagan, kitu kilionekana Mei 1984.

Upande wa kulia una tabia yake. Utumbo huko ni mpana na choo bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua bila kuziba njia na bila kubadilisha namna mtu anavyokwenda haja. Damu inayovuja huko huchanganyika na choo kwa safari ndefu, na mpaka inatoka haina rangi nyekundu ya kumshtua mtu. Mara nyingi kinachogundulika kwanza ni upungufu wa damu, na mgonjwa anadhani ni uchovu au umri. Upande wa kushoto husema mapema zaidi: choo chembamba, kubanwa, damu mbichi. Anayengoja dalili anangoja upande mmoja wa utumbo uzungumze kwa niaba ya mwingine.

Halafu kuna ukubwa. Mwaka 1975, watafiti wa hospitali ya St Mark's, London, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinyama vingi vilivyotolewa kwa wagonjwa. Kati ya vile vyenye chini ya sentimita 1, ni asilimia 1.3 tu vilikuwa na saratani ndani yake. Kati ya vile vilivyozidi sentimita 2, vilikuwa karibu nusu. Aina pia ilihesabika: zile zenye umbo la manyoyamanyoya, ambazo uvimbe wa Reagan ulikuwa mmojawapo, zilikuwa na saratani mara nyingi zaidi kuliko zile za kawaida. Kwa hiyo uvimbe wa sentimita 5 wa aina ile ulipoonekana kwenye skrini siku ya Ijumaa, waliokuwa chumbani walikuwa na sababu ya kushuku kabla maabara haijasema neno.

Kipimo kilichorudiwa mpaka kikawa hasi

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye funzo kubwa kuliko yote ya kisa hiki, na ndipo panaporudiwa kila siku kwa wagonjwa wasio marais.

Kipimo cha choo cha wakati ule kilitumia karatasi iliyopakwa utomvu wa mti wa gwayaki. Unapaka choo kidogo, unadondoshea dawa, na kama kuna damu karatasi inageuka bluu. Shida ni kwamba kinachoigeuza rangi si damu ya binadamu peke yake. Nyama nyekundu inaweza kuigeuza, na mboga fulani mbichi pia. Vitamini C nyingi, kwa upande mwingine, inaweza kuficha damu iliyopo. Kwa hiyo daktari anayeona bluu hafifu ana sababu halali ya kujiuliza kama ni chakula. Kubadilisha mlo na kupima tena kulionekana ni busara.

Lakini fikiria uvimbe unavyovuja. Hauvuji kila siku. Leo choo kimepita kikaukwaruza, kesho kimepita salama. Kipimo kimoja chanya kinasema: siku ile, damu ilikuwepo. Vipimo vingine hasi vinasema: siku hizo nyingine, haikuonekana. Kauli hizo mbili hazipingani. Ya pili haina uwezo wa kuifuta ya kwanza, ingawa akili ya mtu aliyeogopa, na hata ya daktari aliyechoka, inataka sana ifute.

Siku hizi kipimo cha zamani kimeachiwa nafasi, sehemu nyingi, na kile kinachotumia kingamwili kutafuta damu ya binadamu tu. Nyama uliyokula jana hainaswi, wala huhitaji kubadilisha mlo. Ile sababu ya kusema "labda ni chakula" imeondoka. Bado utawasikia watu wakisema "labda ni bawasiri," na wanarudia kipimo. Miongozo iko wazi kwenye jambo hili: kipimo cha choo kikitoka chanya, hatua inayofuata ni kolonoskopi kamili, si kipimo kingine cha choo. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na uvimbe kwa pamoja. Bawasiri haimkingi mtu na saratani.

Nguvu ya kipimo cha choo, hata hicho kipya, inatokana na kurudiwa kwa ratiba huku kila kilicho chanya kikifuatiliwa. Kipimo kimoja cha kingamwili hunasa takriban saratani 3 kati ya 4, lakini kwa vinyama vikubwa ambavyo bado havijawa saratani hunasa karibu kimoja tu kati ya 4. Kinachopita mwaka huu kinatarajiwa kunaswa mwaka ujao. Jaribio kubwa la Minnesota, lililochapishwa mwaka 1993, lilionyesha kwamba watu waliopimwa choo kila mwaka, na waliokuwa chanya wakaitwa kwa kolonoskopi, walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 33 vitokanavyo na saratani hii katika ufuatiliaji wa miaka 13. Ondoa hiyo kolonoskopi ya waliokuwa chanya, na kinachobaki ni karatasi zenye rangi ya bluu.

Je, miezi 14 ilimgharimu?

Hapa inabidi niwe mwangalifu, maana ni rahisi kumlaumu mtu ukishajua mwisho wa hadithi.

Kwa kawaida kinyama huchukua miaka 10 hivi kufika kwenye saratani, hatua kwa hatua. Bert Vogelstein na wenzake walieleza mwaka 1988 jinsi mabadiliko ya jeni yanavyorundikana njiani, moja juu ya jingine, mpaka seli ziache kutii. Uvimbe wa sentimita 5 haukuota kati ya Mei 1984 na Julai 1985. Karibu hakika ulikuwepo Mei 1984, na pengine ulikuwa tayari mkubwa. Kama wakati ule saratani ilikuwa imeshaanza ndani yake, hakuna anayeweza kulijua. Inawezekana ingekuwa kazi ileile ya kisu. Inawezekana pia ingekuwa bado kinyama tu, cha kutolewa bila hofu ya kilichosafiri.

Kuhusu miezi 4 kutoka Machi hadi Julai, ushahidi wa sasa unampa nafuu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliangalia watu waliokuwa na kipimo cha choo chanya na muda waliosubiri kolonoskopi. Hatari iliongezeka waziwazi kwa waliosubiri zaidi ya miezi 10. Kwa waliosubiri muda mfupi zaidi ya huo tofauti haikuwa dhahiri. Hilo ni jambo la kumtuliza mtu anayengoja zamu yake kwa wiki kadhaa. Halimfai yule aliyeweka majibu kwenye droo.

Kilichookoa ni hatua ambayo saratani ilikutwa. Haikuwa imefika kwenye tezi. Dkt. Rosenberg alisema wakati ule kwamba uwezekano wa Rais kuishi umri wake wa kawaida ulizidi asilimia 50, na magazeti yalilishika hilo kama tamko la kutisha. Kwa takwimu za Marekani za sasa, saratani ya utumbo inayokutwa ikiwa bado mahali pake huacha watu 9 kati ya 10 wakiwa hai baada ya miaka 5. Iliyokutwa imeshasambaa kwenye viungo vya mbali huacha mmoja au wawili kati ya 10.

Kaka mtu

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho husahaulika. Majira yaleyale ya 1985, siku chache kabla ya Ronald, kaka yake mkubwa, Neil Reagan, naye alipasuliwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa na miaka 76. Naye pia alipona, akaishi hadi 1996.

Ndugu wa tumbo moja, au mzazi, au mtoto, akiwa na saratani hii, hatari yako huwa takriban mara mbili ya mtu mwingine. Ndiyo maana miongozo mingi ya leo inamtaka mtu mwenye ndugu wa karibu mgonjwa aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, kutegemea ipi inatangulia. Ikiwa wagonjwa kwenye ukoo ni kadhaa na waliugua wakiwa vijana, kuna magonjwa ya kurithi ya kutafutwa, na ratiba inabadilika kabisa.

Sasa jiulize ni familia ngapi zinazungumza kuhusu matumbo yao. Mtu atasema mjomba alifariki kwa "ugonjwa wa tumbo" na hapo mazungumzo yanafungwa. Daktari akiuliza historia ya familia, mgonjwa anajibu "hakuna" kwa uaminifu kabisa, maana hakuna aliyemwambia. Siri ya heshima ya marehemu humnyima aliye hai taarifa anayoihitaji kuliko nyingine yoyote.

"Sikuwa na saratani"

Baada ya kupona, Reagan alimwambia mwandishi mmoja maneno ambayo yalichekesha baadhi ya watu na kuwaudhi wengine: kwamba yeye hakuwa na saratani, bali ndani yake kulikuwa na kitu chenye saratani, na kitu hicho kimeondolewa. Kitabibu kauli hiyo haisimami. Saratani ilikuwa imeingia kwenye ukuta wa utumbo, na ukuta ule ulikuwa wake.

Lakini namwonea huruma kidogo. Kwa vinyama kwa jumla, picha yake iko karibu na ukweli kuliko ilivyokuwa kwa uvimbe wake mwenyewe. Saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa chache ambazo kipimo chake kinaweza kuwa pia ni kinga. Kinyama kikikatwa kabla hakijageuka, saratani ile haitatokea kamwe. Utafiti wa taifa wa Marekani kuhusu vinyama, ulioongozwa na Sidney Winawer na kuchapishwa mwaka 1993, uliwafuatilia watu waliotolewa vinyama vyote kwa kolonoskopi. Saratani zilizotokea baadaye zilikuwa chache kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko zilivyotarajiwa kwa kulinganisha na makundi mengine. Ulinganisho huo una udhaifu wake, na majaribio ya baadaye yametoa namba za unyenyekevu zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 kutoka Poland, Norwei na Uswidi lilikuta kwamba kualikwa tu kwenye kolonoskopi kulipunguza saratani kwa asilimia 18 katika miaka 10. Wapinzani wa uchunguzi walishangilia, na wengi hawakusoma mstari unaofuata: kati ya walioalikwa, waliofika ni asilimia 42. Barua ya mwaliko haikati kinyama.

Wala kipimo hiki hakina usafi wa malaika. Utumbo unaweza kutobolewa, kwa takriban watu 3 kati ya 10,000 wanaofanyiwa kolonoskopi ya uchunguzi, na kutokwa damu nyingi hutokea kwa karibu watu 15 kati ya idadi hiyohiyo. Kwa wazee na wenye maradhi mengine hatari huongezeka. Hilo ndilo linaloweka kikomo cha umri. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga linataka watu wa kawaida wapimwe hadi miaka 75, na kuanzia 76 hadi 85 mgonjwa na daktari waamue pamoja. Umri wa kuanza jopo hilo lililiteremsha mwaka 2021 kutoka 50 hadi 45, kwa sababu saratani hii imekuwa ikiongezeka kwa watu wasiofika miaka 50. Mei 1984 Reagan alikuwa na miaka 73. Kwa kanuni za leo angekuwa anakaribia mlango wa kutokea, na mbele yake kulikuwa na miaka 20 ya kuishi. Kikomo cha umri ni cha makundi, na pale ukingoni mtu mmojammoja hutazamwa alivyo.

Baada ya kelele

Ugonjwa wa Rais uliwaamsha watu. Simu kwenye huduma ya taifa ya habari za saratani ziliongezeka ghafla, na watu wengi wakaomba kupimwa. Baada ya muda hamu hiyo ikapoa. Ndivyo inavyokuwa kila mtu maarufu anapougua. Mwaka 2000 mtangazaji Katie Couric, aliyefiwa na mumewe kwa saratani hii, alifanyiwa kolonoskopi mbele ya kamera za televisheni, na safari hiyo pia idadi ya waliopimwa ilipanda. Hofu humpeleka mtu hospitali mara moja. Kipimo cha kila mwaka kinahitaji utaratibu unaomkumbusha mtu asiyeogopa chochote. Kwa mwaka 2022 dunia ilihesabiwa kuwa na wagonjwa wapya karibu milioni 1.9 na vifo takriban 900,000, na kati ya saratani zote ni ile ya mapafu tu iliyoua watu wengi zaidi.

Reagan mwenyewe hakuachiwa arudi kwenye uzembe. Katika miaka iliyofuata upasuaji alirudishwa tena na tena kwa uchunguzi, na vinyama vingine vidogo vikakutwa na kutolewa, vyote visivyo na saratani. Leo ratiba hiyo ni ya kila mgonjwa: baada ya upasuaji wa saratani, kolonoskopi baada ya mwaka 1, kisha baada ya miaka 3, kisha 5. Aliyekutwa na kinyama cha sentimita 1 au zaidi, au cha aina ile ya manyoyamanyoya, huambiwa arudi baada ya miaka 3. Mwenye kimoja au viwili vidogo vya kawaida anaweza kupewa miaka 7 hadi 10. Aliyekutwa hana kitu, 10.

Namba hizo, hata hivyo, zina sharti ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, na ndilo lililokosekana Mei 1984. Zinahesabika tu kama utumbo wote umeonekana. Ripoti nzuri ya kolonoskopi husema kama mpira ulifika hadi mwanzo wa utumbo mpana, mara nyingi na picha ya pale mahali. Husema utumbo ulikuwa safi kiasi gani. Na hutaja muda uliotumika kuutoa mpira huku daktari akitazama kuta, ambao ukiwa chini ya dakika 6 huhesabiwa ni haraka mno. Omba nakala na usome mistari hiyo mitatu kabla ya kusoma neno "kawaida" lililo chini. Kama utumbo haukuwa safi, au mpira uliishia njiani, ile miaka 10 haijaanza kuhesabiwa.